Ziara ya Viungo Iliyoishia kwa Daktari

Aibu niliyoipata leo naiandika mwenyewe, kabla Mwende hajaiandika. Ana video. Nimeiona. Inatosha kunirudisha nyumbani kwa miguu.

Kwa wale mlioingia kundini juzi: mimi ni Elifasi, Mnyaturu wa Singida. Nafanya kazi hotelini hapa Al Barsha, Dubai, chumba cha kufulia. Kiko chini kabisa, chini hata ya maegesho ya magari, ambako habari za jua tunazipata kwa wenzetu. Shuka zinashuka, mimi nazipokea. Mwaka wa pili huu. Wageni wa hoteli siwajui kwa sura, nawajua kwa madoa. (Wewe wa ghorofa ya nne unayekula mchuzi kitandani, Mungu anakuona.)

Sasa, juu kumepatikana nafasi. Mhudumu wa wageni. Suti, jina kifuani, dirisha! Anayechagua ni Madam Shalini, bosi wetu, Mhindi mfupi anayetembea kama anafukuzia basi. Kucheka kwake hakuna aliyewahi kukushuhudia. Wapo wanaoamini meno hana.

Wiki iliyopita akashuka kule chini kwetu. Hajawahi! Tukadhani kuna moto. Kumbe kuna kikundi cha wageni, wastaafu kutoka Grenada, kisiwa kimoja huko Karibi. Soko la viungo wameshalizunguka hawakuridhika, wanataka kuingia mahali hasa viungo vinaposafishwa na kufungwa. Na kijana anayewatembezaga wageni yuko likizo kwao Manila.

Madam akaninyooshea kidole. "Wewe Tanzania. Zanzibar, yes? Viungo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: hapana madam, Singida. Kwetu kuna alizeti, kuku na upepo. Bahari yenyewe nimeiona kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la ndege, nikija huku.

Nikasema, "Yes, madam."

"Karafuu unazijua?"

"Nimekua nazo, madam."

(Kwenye pilau. Krismasi. Tena tulikuwa tunazitoa tunazipanga pembeni ya sahani.)

"Good," akasema. "Ukifanya vizuri, tutazungumza habari ya kazi ya juu."

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Semeni ukweli.

Wiki nzima, wenzangu wakila, mimi nasoma mambo ya viungo kwenye simu. Hiliki inatoka wapi, mdalasini ni gome la mti gani, kungumanga inakaaje kwenye ganda lake. Nikawa najihojia mwenyewe mbele ya mashine ya kukaushia. Mnepali ninayefanya naye kazi akanihurumia, akaniambia nipumzike.

Leo asubuhi ndiyo siku yenyewe. Koti la suti nimeazima kwa Mganda wa mlangoni, kijana mwembamba huyo, mabega kama hanga la nguo. Likaingia kwa shida. Nikigeuka, linageuka baadaye. Nikipumua, linalalamika. Lakini kwenye kioo, jamani! Nikajiambia, Elifasi, huyu ni balozi.

Kwenye basi nikamkuta Mwende. Mwende ni dada wa mapokezi, Mkamba wa Machakos, ametumwa kuhesabu wageni wasipotee. Ni mtu wangu sana, tatizo hana breki mdomoni. Na kwetu anakujua, nimemwonyesha picha za Singida mpaka za kuku.

"Eli, nimesikia ati leo wewe ni wa Zanzibar," akasema. "Tangu lini?"

"Nyamaza, utanifukuzisha."

"Sawa, Sheikh."

(Mimi Mlutheri. Naimba besi.)

Wageni wakapanda. Wazee wa watu, wachangamfu kama watoto wa shule, kofia za jua, manukato, vicheko. Kiongozi wao ni Mama Celestine, mrefu, mweusi wa kung'aa, muuguzi mstaafu, mkoba wake unaweza kubeba mtoto ndani. Kichwani ana kofia yenye bendera ya kwao, na kwenye bendera kuna kitu kama pilipili iliyopasuka. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuanzia.

"Kofia nzuri, mama. Hiyo ni pilipili, eh?"

Akacheka. "Siyo pilipili, mwanangu."

Sikuuliza ni nini. Laiti ningeuliza! Mtu ana mdomo mzima, wakati ule bado unafanya kazi vizuri, na hakuuliza.

Basi limeondoka, nikashika kipaza sauti. Nikaanza na kungumanga, kwa sababu ndiyo niliyoisoma zaidi na ndiyo watu wengi hawaijui. Nikawaambia ni kiungo adimu sana. Nikawaambia wengi wenu hapa huenda hamjawahi kuiona kwa macho. Nikawachorea hewani: tunda linapasuka hivi, ndani kuna mbegu, na mbegu imevikwa wavu mwekundu unaoitwa basibasi. Wananisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto wa jirani anayekueleza ramani ya nyumba yako.

Nilipomaliza, Mama Celestine akainua mkono.

"Umeeleza vizuri, mwanangu. Kungumanga ndiyo iliyonisomesha. Baba yangu alikuwa anapeleka magunia kwenye kituo cha kusafishia, na mimi nikitoka shule nilikuwa nashinda pale pale, nacheza juu ya magunia. Kisiwa chetu chote kinanuka kungumanga." Akavua kofia akanionyesha. "Hii ndiyo yenyewe."

Kwenye bendera! Jamani, wale watu wameiweka kwenye bendera ya taifa, mimi nawaambia hawajawahi kuiona!

"Lakini endelea," akasema mzee mmoja nyuma. "Tunapenda unavyoeleza."

Nikamwangalia Mwende. Amegeukia dirishani. Mabega yanatikisika.

Mngedhani hapo nimejifunza. Hapana. Mimi ni mwanaume niliyevaa suti.

Tukafika Hamriya. Ni ghala kubwa karibu na bandari, mlango wa bati, na harufu inakupokea ukiwa bado barabarani. Msimamizi wake ni Mhindi wa Kerala, masharubu yamechanwa vizuri, mpole. Akatuingiza chumba kidogo, akasema tujiandae kabla hatujaingia sehemu ya viungo, makoti meupe yale pale, na vifaa vingine mezani. Kisha simu yake ikaita, akatoka.

Mezani kuna boksi. Ndani ya boksi kuna vimfuko vya plastiki, rangi ya bluu, vina lastiki. Wageni wote wananitazama. Balozi afanye nini? Nikachukua kimoja, nikakitanua, nikakivaa kichwani. Kikanibana kidogo. Nikawaambia, "Ni kwa ajili ya usafi. Nywele."

Wazee wa watu wakavaa. Wote. Wengine wakasaidiana.

Mwende akanisogelea. "Eli, hizi si ni za viatu?"

"Za kichwani. Ndiyo utaratibu wa hapa."

"Ziko na umbo ya kiatu, Eli."

"Mwende, nani kasoma viungo wiki nzima, mimi au wewe?"

Akakichukua chake, akakishika mkononi, akangoja. Na simu akaitoa.

Msimamizi akarudi. Akasimama mlangoni. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, wazee wote na mimi mbele yao kama kwaya. Nadhani alikuwa anafikiria aseme nini bila kutuumiza.

"Sir," akaniambia kwa sauti ya chini. "Za kichwani ziko kwenye boksi la pili."

"Na hizi?"

Akaangalia viatu vyangu.

Mzee mmoja akagoma kuvua. "Mbona mimi kimenikaa vizuri?" Mke wake ndiye aliyemvua.

Basi tukaingia. Na niseme kweli, pale mahali ni pazuri. Upande huu wako kinamama wanachambua mdalasini, vipande vinaanguka mezani vinalia kama vijiti vikavu. Kule mashine inachekecha hiliki, inatikisika yenyewe kama ina homa, na feni inapeperusha makapi. Manjano yanasagwa chumba cha peke yake nyuma ya kioo, na mtu anayetoka humo anatoka njano mpaka kope. Wageni wamefurahi si kidogo. Wananusa, wanapiga picha, wanamwambia msimamizi kwao wanafanya hivi na hivi, kwao kungumanga wanaitupia majini, nzuri inazama na mbovu inaelea. Msimamizi anaeleza kwa Kiingereza. Mimi, ili nionekane nina kazi, narudia alichosema. Kwa Kiingereza.

Tukafika kwenye meza ya karafuu.

Msimamizi akafungua gunia, akamimina kwenye sinia. Nyeusi nyeusi, zina vichwa kama misumari. "Hizi zimetoka Zanzibar," akasema. Halafu, Mungu amsamehe, akanishika bega. "Na ndugu yetu, nimeambiwa, ametoka huko huko! Atueleze yeye."

Simu zote zikainuka. Hata mashine ya hiliki nadhani ilinyamaza.

Kichwani mwangu hakuna kitu. Nilichosoma wiki nzima kimefutika. Nimebaki na alizeti. Naangalia karafuu, karafuu zinaniangalia. Sasa kukaa kimya mbele ya watu nako kuna mwisho, nikatoa neno la kwanza lililonijia.

"Sisi kwetu," nikasema, "tunazitafuna."

"Aaah," wakasema wageni.

Msimamizi akachagua karafuu moja nzuri, akanipa. Moja. Angalieni nilivyokuwa na nafasi ya kujiokoa. Moja ingepita. Moja ni kama pipi.

"Moja ni ya watoto," nikasema.

Nikachota konzi.

"Eli, usi..." nikamsikia Mwende, lakini konzi lilishaingia.

Mwanzoni nikasikia pilau. Kabisa, pilau ya Krismasi, nikamwona mpaka bibi. Nikatabasamu, nikawainulia kidole gumba. Wakapiga makofi. Nikasukumia shavu la kushoto, nikaanza kutafuna kwa nguvu.

Halafu moto ukaja.

Siyo moto wa pilipili. Pilipili inakuchoma inaondoka. Hii inachoma inakaa, inaleta na ndugu zake. Ikapanda puani, ikafika nyuma ya macho. Machozi yakaanza kutiririka. Kutema siwezi: ukutani mbele yangu kuna picha ya mtu anatema, imekatwa kwa mstari mwekundu. Na simu zinarekodi. Nikaendelea kutafuna nikilia.

Mama Celestine akaweka mkono kifuani. "Amekumbuka nyumbani," akawaambia wenzake.

Bibi mmoja akatoa kitambaa akajifuta macho. Jamani! Wananililia!

Nikameza. Nilimeza kama mtu anayemeza mswaki. Na baada ya kumeza kukatokea jambo ambalo kwenye simu sikulisoma: mdomo ukaondoka. Kwanza ulimi. Upo, nauona nikichungulia, lakini siyo wangu. Kisha mdomo wa chini, kisha shavu lote la kushoto likalala kama shuka iliyotoka mashineni.

"Sasa tueleze," akasema msimamizi. "Mavuno yanakuwaje?"

Nikafungua mdomo.

"Kayafuu," nikasema. "Inathumwa... kwenye nti."

Wageni wakakunja nyuso. Nikajaribu tena, polepole. "Nti. Nti mkuubwa." Na hapo mate yakashuka upande wa kushoto, bila taarifa, mpaka kwenye koti jeupe.

Mama Celestine akaacha kutabasamu. Sura ikabadilika palepale, ukaona sasa huyu siyo mtalii tena, huyu yuko wodini. Akapita katikati ya watu, akanishika kidevu.

"Mwanangu, nitazame. Tabasamu."

Nikatabasamu. Upande wa kulia ukaitika. Wa kushoto haukuwepo.

"Inua mikono yote miwili."

Nikainua. Sasa mkumbuke, chini ya lile koti jeupe nimevaa koti la Mganda. Mkono wa kulia ukapanda, mshono ukaachia, ukafika juu. Wa kushoto ukafika kifuani ukakwama.

"Sema: leo ni siku nzuri."

"Yeo ni thiku nduli."

Mama Celestine akageuka. Sauti aliyoitoa, nadhani ilisikika mpaka melini.

"Kiharusi! Kijana ana kiharusi! Leteni gari!"

"Thi kihayuthi!" nikapiga kelele. "Ni kayafuu!"

"Usiongee, mwanangu. Usijichoshe."

"Kayafuu! Kayafuu!"

"Maskini, anaweweseka."

Wakanibeba. Wastaafu hao! Mzee wa kofia ya kiatu alinishika miguu, alikuwa na nguvu huyo mzee sijui wanakula nini. Msimamizi anakimbia mbele anafungua milango. Kinamama wa mdalasini wamesimama, mmoja anapiga ishara ya msalaba. Dereva wetu, Mpathani mmoja anayeitwa Gul, alikuwa nje anakunywa chai, akaimwaga. "Yalla, yalla!" Nikalazwa kwenye viti vya nyuma, kichwa mapajani kwa Mama Celestine, basi likaruka.

Mwende mwanzoni alikuwa anacheka. Ushahidi upo kwenye video, anacheka mpaka picha inacheza. Halafu akanisogelea, akaniangalia usoni, kicheko kikakatika.

"Eli, wacha mchezo sasa."

Nikajaribu kumwambia nipo sawa. Ikatoka: "Nipo thawa."

"Woi, Eli. Mbona mdomo imeenda upande?" Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu. Machozi yanamlengalenga. "Usinifanyie hivi. Nitaambia mama yako nini mimi?"

(Kuhusu hapo pa kushikwa mkono, sina malalamiko.)

Nikamkazia macho, nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole, nikafanya ishara ya kutafuna. Akaelewa vingine. Akamwambia Mama Celestine, "Anasema ana njaa."

"Dalili mbaya," akasema Mama Celestine.

Na wale wageni wengine wakaanza kuimba. Pambio taratibu, sauti nne, wanaimba vizuri sana, wote na nyavu kichwani na vimfuko vya bluu, sasa viko viatuni, vinapigapiga sakafuni. Ndani ya basi la hoteli, katikati ya foleni ya Dubai, nimelazwa naimbiwa kama naagwa. Besi yao ilikuwa nzuri. Nilitamani kuingia, ulimi ukakataa.

Mwende akampigia Madam Shalini. Nilimsikia kabisa. "Madam, ni Elifasi. Ameshikwa na kiharusi. Ndiyo, huyo wa kufulia. Hapana, sijui kama atapona."

Tukaingia kliniki moja Oud Metha. Kiti cha magurudumu, milango, taa. Daktari ni Msudani, mrefu, mtulivu, ana sauti ya kubembeleza. Mama Celestine anamweleza kwa lugha ya kitabibu, uso hivi, mkono hivi, maneno hivi, anasema haraka kama aliyerudi kazini jana. Wengine wamejaa kwenye korido na nyavu zao. Mlinzi wa kliniki akauliza hii ni hospitali gani imehamia.

Daktari akanivua koti jeupe. Akalivua la Mganda, kwa msaada wa manesi wawili. Akasema, "Inua mikono."

Ikapanda yote miwili. Fyuu.

Akachukua kurunzi. "Toa ulimi."

Nikautoa, nadhani niliutoa, maana yeye alionekana anauona. Akamulika. Akainama. Akanusa. Akanusa tena, macho amefumba, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya shughuli.

"Umekula nini?"

"Kayafuu."

"Karafuu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hatimaye! Mtu wa kunielewa! Nilitaka kumkumbatia.

"Ngapi?"

Nikamwonyesha konzi.

Daktari akaenda dirishani. Akakaa kule kwanza. Nesi mmoja akajifunika uso kwa faili. Aliporudi, sauti yake ya kubembeleza imepata mtetemo.

"Mama zetu kwetu Sudan, mtu akiumwa jino, wanamwekea karafuu hapo pabovu, panakufa ganzi," akasema. "Moja, ndugu yangu. Wewe mdomo mzima ulikuwa mbovu?"

Kisha akafungua mlango wa korido. Wale wazee wamesimama, wengine wameshikana mikono, Mwende anang'ata kucha.

"Hana kiharusi," akawatangazia. "Ana karafuu."

Sekunde moja hivi hakuna aliyeelewa. Halafu Mama Celestine akaangua kicheko, na hicho kicheko kikawabeba wote. Wazee wanashikilia kuta. Yule wa kofia ya kiatu amekaa chini kabisa. Mwende amelala juu ya meza ya mapokezi, analia, anasema "nitakuua Eli, haki nitakuua." Wagonjwa wengine wanauliza kuna nini, wanaambiwa, nao wanaanza. Kuna Mfilipino alikuja na jino, akasahau jino.

Msidhani huo ndio mwisho wa aibu. Katikati ya vicheko hivyo mlango wa nje ukafunguka, akaingia Madam Shalini.

Amekuja na teksi. Mguuni ana ndala, zile za chini ya meza ofisini. Macho mekundu. Akawaona watu wanajifuta machozi, akasimama.

"Amekufa?" akauliza.

Mimi nikatokeza kichwa mlangoni, mate yananining'inia.

"Madam."

Jamani, yule mama alinifuata akanishika mashavu yote mawili. Moja nikalisikia, jingine nikaliona tu. Hakuna aliyetegemea! Madam Shalini wa kutembea kama anafukuzia basi, ananishika kama mwanawe.

"Elifasi, usiogope. Nimewaambia ofisini wawatafute watu wako. Wamepiga Zanzibar, hawajapata. Niambie jina la kwenu, haraka. Wapi, Zanzibar?"

Hakuna pa kukimbilia. Nyuma yangu daktari, mbele yangu bosi, pembeni Mwende, na simu ya Mwende.

"Thingida," nikasema.

Akaandika kwenye simu yake. "Thingida. Iko upande gani wa Zanzibar? Kaskazini?"

Mwende akakohoa. "Madam, inaitwa Singida. Haiko Zanzibar. Iko bara. Bara ndaaani, katikati ya nchi."

"Kuna karafuu huko?"

"Hakuna madam," nikasema mwenyewe, maana mtu ajizike mwenyewe kuliko kuzikwa na Mkamba. "Kuna ayitheti."

"Nini?"

"Alizeti," akatafsiri Mwende. "Na kuku."

Madam Shalini akakaa kwenye kiti. Akaniangalia, akaangalia ndala zake, akawaangalia wale wazee na nyavu zao. Mdomo ukaanza kumcheza. Nikajua nafukuzwa sasa hivi, kwa Kihindi.

Akacheka! Ndugu zangu, alicheka. Anayo meno, yote, meupe. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, daktari akamwokotea. Alicheka peke yake kwa muda, sisi tunamshangaa, kisha akasimama, akajinyoosha nguo, uso ukarudi pale pale ulipokuwa.

"Khalas. Wote kwenye basi."

Njiani kurudi Mama Celestine akasimamisha basi dukani, akaninunulia mtindi baridi, akakalia kiti cha pembeni yangu kuhakikisha nakula. Akaniambia, "Mwanangu, ungesema hujui. Sisi tulikuwa tunasubiri mtu atuulize. Ukizeeka watu wanakueleza kila kitu, hakuna anayekuuliza." Kisha akaanza kunieleza yeye. Kituo cha kwao cha kungumanga, wanawake wanaochagua mbegu kwa kuimba, tufani iliyowahi kuing'oa miti yote na wao wakapanda upya wakijua wengine hawataishi kuiona ikizaa. Nilisikiliza mpaka Al Barsha. Sikumkatiza hata mara moja. (Nisingeweza.)

Tuliposhuka, Madam akaniita pembeni.

"Kesho wanakwenda jangwani. Wamesema bila wewe hawapandi basi."

"Mimi, madam?" Ulimi ulikuwa umeanza kurudi, ukianzia ncha.

"Wewe. Na usimwambie mtu yeyote kwamba umekua na ngamia."

"Na ile kazi ya juu, madam?"

"Inshallah," akasema.

Mliokaa Dubai mnaijua hiyo inshallah, mara nyingi ni hapana ya adabu. Lakini mimi nimeichunguza sura yake alivyoisema, na nawaapia kulikuwa na jino moja lilionekana.

Basi, habari ndiyo hiyo, yote, mwenyewe nimeisema. Shavu bado limelala, na koti la Mganda limechanika kwapani, nimemwambia ni mtindo. Mwende ameahidi hatatuma video kwa mtu yeyote. Nimeshatumiwa na watu wanne.

Mnaotaka kucheka chekeni kwa zamu, na msitume sauti, simu yangu haina chaji ya kutosha.